Chupa yenye vidanji haitupwi

Ndugu zangu, mimi ni mama wa depo, yaani duka la jumla la vinywaji, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo kando ya ziwa Kivu, nauza bia, soda tunazoziita sukre, maji, na hii kazi nimeikulia, nilianza kwa mama mdogo wangu kule Kadutu nikiwa bado nasoma, jioni kazi yangu ilikuwa kuhesabu chupa tupu na kuzipanga kwenye kasiye (kreti). Kwa hiyo haya ninayoandika sikuyasoma mahali, nimeyaona. Na nilichoona ni hiki: kwenye kanivo, ile mifereji ya huu mji, kwenye mto Kawa, kwenye Wesha, huko chini pembeni ya ziwa, utakuta kila takataka unayoijua, ila chupa ya bia ya kioo, nzima, hutaikuta. Mtu ataniambia eti kioo kinazama ndiyo maana hatukioni. Sawa, lakini kanivo haina kina cha kuficha chupa, na njiani hakuna kitu kinazama. Haipo kwa sababu hakuna wa kuitupa. Hata mtu ametoka baa amelewa kabisa, ile chupa anairudisha juu ya kaunta, maana anajua ile ni franga.

Ndiyo mambo ya vidanji hayo, yaani franga unayoweka kwa ajili ya chupa tupu. Ukija kuchukua kasiye ya bia unalipa bia, halafu kama hukuja na kasiye yako yenye chupa tupu unalipa na chupa zenyewe. Siku ukizirudisha unahesabiwa. Ikipasuka moja ni hasara yako, mimi sina huruma hapo, na mwenye kiwanda naye hana huruma na mimi. Watoto wa karitie (mtaa) wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma, wakiona chupa tupu chini ya ukuta wanaiokota wanakuletea, unawapa kitu kidogo wanaenda kununua mandazi. Hakuna shirika lililowafanyia semina, hakuna afisa wa mazingira aliyekuja na kipaza sauti. Bei tu.

Halafu plastiki ikaja. Haikuja siku moja, iliingia polepole, kwanza maji, halafu juisi, halafu sukre zile ambazo zamani tulizijua ndani ya kioo tu, kasiye ya chupa 24, zikaanza kuja kwenye pakiti zimefungwa na nailoni, hakuna kasiye, hakuna kurudisha kitu. Na mimi nilifurahi, niseme ukweli, kila mwenye depo alifurahi. Kasiye moja ya kioo ni mzigo wa mtu mzima. Hapa kwetu ni milima, gari haifiki kila mahali, wanaobeba ni wale wamama wetu wabebaji, kamba imepita kwenye kipaji cha uso, mgongo umeinama, anapanda ngazi za udongo na kasiye mbili za bia huku mvua inanyesha. Pakiti ya plastiki anaibeba mtoto.

Kuna msambazaji mmoja, sitamtaja, siku moja nilimuuliza kwa nini ameacha kioo kabisa kwenye sukre, akaniketisha akanieleza vizuri, na namheshimu kwa sababu hakunificha kitu. Akaniambia, "Mama, ile chupa ya kioo inanila mara tatu. Inanila ikienda, sababu ni nzito. Inanila ikirudi, sababu lori inarudi imejaa chupa tupu na ningeweza kuipakia maharagwe. Halafu inanila pale kwa kuosha, maji, soda kostiki, umeme, na zile zinapasuka kwa hizi barabara zetu. Ya plastiki ikitoka imetoka, hatujuani tena."

Hesabu yake sina la kuipinga, kwa upande wake iko safi. Barabara zetu anayezijua anazijua, ukishuka Uvira kwa mteremko wa Ngomo na mzigo wa kioo unasali njia nzima. Ila nilirudi nyumbani nikawa nafikiria ile hesabu, mistari yote iko pale, usafiri, kuosha, hasara ya kupasuka, na mstari mmoja tu haupo, ule wa chupa ikishanywewa inaenda wapi na nani anaibeba. Kwenye kioo ule mstari ulikuwepo, uliitwa vidanji. Kwenye plastiki ameufuta, na ukiufuta kwenye karatasi yako haina maana umefutika duniani, umeuhamisha tu umeupeleka kwa mtu mwingine ambaye hata hamjaongea.

Sasa wale wanaosema plastiki ni mbaya basi, mwisho wa habari, na wenyewe wananikasirisha kidogo. Kwa sababu hawakuona jinsi ilivyofungua soko. Zamani kuuza kinywaji ilikuwa kazi ya mwenye mtaji, maana kabla hujanunua hata tone la bia unatakiwa uwe na kasiye zako na chupa zako, franga nyingi zimelala tu ndani ya kioo. Msichana aliyefiwa na baba, kijana amekimbia vita Walungu au Kalehe amefika mjini na begi, hao hawakuwa na nafasi. Leo anachukua pakiti moja ya maji kwangu, anaomba sehemu kidogo kwenye kongelatere (friza) ya jirani, anaweka kwenye beseni anasimama Feu Rouge au pale Nyawera sokoni, jioni amerudisha franga yangu na amepata ya unga. Nimewaona wengi wamesimama kwa namna hiyo, wengine leo wana butike zao. Kwa hiyo mimi sitasimama hapa kusema turudi zamani. Zamani haikuwa nzuri kwa kila mtu.

Na kioo chenyewe kina udhaifu wake, tuliujua Februari 2025. Vita viliingia mjini, maghala ya vinywaji yakaporwa, benki zikafunga, kiwanda cha bia kikasimama. Sisi wenye depo tukabaki na milima ya kasiye tupu, franga zetu zimo mle ndani na hakuna mtu wa kutubadilishia. Mwezi wa sita Heineken, ambao wakati huo ndio walikuwa wenye Bralima, kampuni ya kile kiwanda cha bia, wakatangaza wameondoa wafanyakazi waliobaki Goma na Bukavu. Siwalaumu, watu wao walikuwa hatarini, hilo ni la vita. Ila nasema tu jinsi soko linavyofanya, pengo halikai, kilichokuja kuziba lile pengo ni plastiki na makopo, kutoka Rwanda, Uganda, Tanzania, kwa sababu plastiki haidai mtu kitu. Unanunua, unakunywa, unaachia.

Unaachia wapi sasa, ndiyo hapo.

Bukavu imekaa juu ya milima na chini yake ni ziwa. Mvua ikinyesha kwa nguvu, ile mvua yetu ya mchana, kila kitu kilichoko kwenye kanivo kinaanza safari. Nimesimama mara nyingi mlangoni kwa depo nikiangalia, maji yanakuja na rangi ya chai ya maziwa, kwanza yanaleta maganda ya ndizi na sasheti, ile mifuko myepesi ya plastiki, halafu chupa zinaanza, zile ndogo za maji, zinagongana zinafanya kelele, nyingine bado zina kifuniko, na zile karatasi zao nazijua, ni vile nilivyouza mimi juzi na jana. Zinapita, zinaingia Kawa, Kawa inaingia ziwa. Si Bukavu tu, Goma nao ni hivyo, Idjwi, na ng'ambo ya Rwanda pia, maana ziwa halina mpaka.

Na ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea. Maji yote hayo, kutoka Goma huko kaskazini mpaka huku, yanatokea hapa hapa Bukavu kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Kwenye huo mlango, kilomita chache tu toka mjini, ndiko Wabelgiji walijenga barrage, yaani bwawa la umeme, ya Ruzizi ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, mashine nne, karibu megawati 30 zote pamoja. Chini yake kuna Ruzizi ya pili ya mwaka 1989, ile ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo kila chupa inayoelea kwenye hili ziwa, upepo na maji vikiisukuma, safari yake inaishia mbele ya mashine inayotuwashia taa.

Nenda ukaone. Nimefika na ndugu yangu anayefanya kazi za umeme, hatukuingia ndani, tuliona toka juu tu. Unadhani ni uwanja. Yaani unaona kitu cheupe na bluu na kijani kimetandazwa juu ya maji na unafikiri mtu anaweza kutembea pale, kumbe ni chupa, sasheti, sandali, majani yameshikana na plastiki imekuwa kitu kimoja. Watu wako kwenye mtumbwi wanachota kwa mikono na vikapu, wanajaza wanapeleka pembeni, wakigeuka pale walipotoa pamejaa tena. Na hiyo ni ile ya juu. Nyingine inazama mita nyingi chini, inaenda kushika kwenye vyuma vinavyolinda mashine, ile inatolewa na wapiga mbizi. Mwanzo wa mwaka 2023 ilifika hatua mashine moja ikasimama kwa ajili ya hizo takataka, megawati zaidi ya 6 zikapotea, na si Bukavu peke yake iliyokosa, ni mpaka Uvira na Burundi.

Sitasema kila giza la huu mji linaletwa na chupa. Mashine ni za zamani, mji umejaa watu zaidi ya milioni, nyaya zinaning'inia kila mahali, tunajua. Lakini sehemu ya lile giza ni sisi, wauza vinywaji, tumeitengeneza na tumeiuza rejareja.

Na angalia linavyorudi. Umeme ukienda, kwangu kinachokufa kwanza ni kongelatere. Siku ya kwanza bado kuna barafu, siku ya pili maji ya baridi yamekuwa maji tu, na jirani yangu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, amehifadhi beseni zake ndani ya kongelatere yangu, anakuja anafungua mfuniko, harufu inamjibu. Wale vijana wa beseni wanapita asubuhi.

"Mama, maji iko baridi?"

"Hapana, mwanangu, moto imeenda tangu juzi."

"Sasa leo tutauza nini?"

Hakuna anayenunua maji ya moto kwenye jua. Nawasha grupe (jenereta), esanse (petroli) ni ya kununua kwa makadafi, wale wanaoiuza kando ya njia, bei yao inapanda hasa siku ambazo umeme haupo, na mimi naiongeza juu ya chupa, na yule kijana anaiongeza tena, na mteja anasema ni ghali anaacha. Sasa fikiria, yule kijana ambaye plastiki ilimfungulia mlango, plastiki hiyo hiyo ndiyo imemfungia. Halafu hajui. Anailaumu SNEL, kampuni ya umeme, anailaumu serikali, analaumu vita. Mwenye kinu cha unga naye hivyo, fundi wa kuchomelea, dada wa saluni, yule wa fotokopi pale karibu na chuo, hospitali zinachoma mafuta usiku kucha. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeulizwa siku ile mtu alipofuta mstari wa vidanji kwenye karatasi yake, na wote wanalipa.

Wavuvi pia. Sambaza ndiyo mboga ya maskini hapa, samaki aliyeletwa kutoka Tanganyika karibu mwaka 1959 akazaliana, na leo hatuwezi kufikiria Kivu bila yeye. Wavuvi wanatoka usiku na ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawaka, asubuhi wakivuta wavu wanatenganisha samaki na sasheti kama mtu anayechambua mchele. Saa zinapotea pale, na wavu unachanika, na wavu ni ghali.

Mtu atauliza, serikali iko wapi. Sheria ipo. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sasheti na vifungashio vya plastiki, na wakatoa miezi sita watu wajipange. Nenda Kadutu leo uombe kilo ya sukari uone utafungiwa na nini. Wakati ng'ambo tu, Rwanda wamekataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na ukivuka daraja ya Ruzizi na sasheti mkononi unaambiwa iache hapo, na watu wetu wale wale ambao huku wanatupa, wakifika kule wanaiacha bila neno, wananunua mfuko mwingine. Kwa hiyo tusiseme eti ni tabia yetu, eti Mkongomani ndivyo alivyo. Hapana. Mtu yule yule, mguu mmoja huku mguu mmoja kule.

Wapo wanaojaribu. Nicole Menemene hapa Bukavu na Plastycor yake wanakusanya hizo chupa toka ziwani wanasuka vikapu, viti, vyombo vya maua, kazi nzuri, na wamepatia wamama kazi. Nawapenda kwa moyo wote. Lakini si haki kumwachia mwanamke mmoja na vikundi vyake wasafishe nyuma ya biashara nzima ya vinywaji ya ziwa zima, wakati sisi tunaendelea kushusha pakiti kila asubuhi.

Kitu kimenifungua macho zaidi ni bidoni. Chupa za lita moja na nusu na madumu ya lita tano, hizo nazo ni plastiki, lakini ziangalie, hazitupwi ovyo. Mama wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anazitaka, muuza asali wa Kabare anazitaka, kadafi anazitaka za esanse, muuza mafuta ya ngazi (mawese), wa sabuni ya maji. Zina bei sokoni, watoto wanaziokota. Kinachojaa pale barrage ni zile ndogo na sasheti, ambazo tupu haina mnunuzi. Kwa hiyo shida wala si plastiki kama plastiki. Ni kwamba kuna mtu aliamua ile tupu haina bei, na uamuzi huo ni wa biashara, haukutoka kwa Mungu, na kama ni wa biashara basi sisi wa biashara tunaweza kuubadilisha.

Ndiyo maana tumeanza kusemezana, wenye depo kadhaa wa Kadutu na Ibanda, wengi ni wamama. Pendekezo letu si kubwa. Tunataka wasambazaji waweke franga kidogo juu ya kila chupa ndogo ya plastiki, mia moja hivi, na sisi depo tuwe ndio mahali pa kurudishia, kama kioo. Lori inayoleta pakiti inarudi na magunia ya tupu zilizokanyagwa, hazina uzito, hazipasuki, ile sababu ya kioo kula mara tatu haipo hapa. Yule msambazaji wangu nilimpelekea, akasikiliza, akasema wazo si baya ila yeye akianza peke yake bei yake itapanda na wenzake watamla sokoni. Hapo ana haki. Akaniambia tena hiyo ni kazi ya leta, yaani serikali. Hapo nilimkatalia, nilimwambia, papa, vidanji vya bia nani alivileta, ni leta? Si nyinyi wenyewe, kwa sababu chupa ilikuwa yenu na mliihitaji irudi? Akanyamaza kidogo akasema atazungumza na wawili wengine wanaopokea mzigo bandari moja na yeye.

Swali gumu ambalo bado hatujalimaliza kati yetu ni chupa zinazoingia kwa magendo, ambazo hazikulipiwa ile mia, maana mtoto akikuletea gunia utajuaje ipi ni ipi. Mama mmoja anasema tuweke alama kwenye kifuniko, mwingine anasema alama itaigwa ndani ya wiki, mimi naona tupokee zote kwa bei ya chini na zile zenye alama kwa bei kamili, tuone hesabu inakaa vipi mwezi mmoja kabla ya kubishana zaidi. Tunakutana tena Jumatatu baada ya soko, nimewaomba kila mmoja aje na daftari lake aonyeshe anatoa pakiti ngapi kwa wiki, ili tukienda kwa wale wasambazaji watatu twende na namba.